Maziwa Kabla ya Rangi

Mwanao akiokota mkaa na kuchora ng'ombe ukutani, usimchape bure. Wangu nilimnyang'anya mkaa, akachora kwa kidole kwenye vumbi. Ukiona hivyo ujue haachi. Basi mkalishe chini umweleze mapema habari za Micah Kosgei wa Nakuru, fundi wa vibao aliyekuwa na mkono mzuri na mdomo usiojua kusema hapana. Mkono ulimpa kazi, mdomo nusura uwalaze mke na mtoto wake nje.

Mwaka ulikuwa wa hamsini na nane. Micah alikuwa ametoka kwa Mhindi mmoja mwenye karakana ya vibao karibu na stesheni, akaamua kujitegemea. Hawakukosana. Alichoka tu kuona kazi yake ikisifiwa kwa jina la mtu mwingine. Kinyozi, hoteli, mshona viatu, wote walikuwa na herufi za Micah mlangoni na hakuna aliyemjua Micah. Mkewe, Chepchirchir, hakumzuia. Alimwuliza swali moja tu, kama anakumbuka nyumba wanayolala ni ya nani.

Ilikuwa ya manispaa, chumba kimoja pale lokesheni ya Bondeni. Karani wa lokesheni, mtu mnene mwenye kofia ya jua, aliwaeleza sheria kwa upole kabisa, kama mtu anayeagiza chai. Mwenye kazi hukaa, asiye na kazi hurudi kwao. Kama Micah anasema amejiandika mwenyewe, vizuri sana, aonyeshe laiseni kabla mwezi haujaisha. Laiseni ilitaka pesa, na pesa za akiba zilikuwa za kununulia rangi. Wakati Chepchirchir bado anawaza, riziki ikaja yenyewe ikinguruma kutoka barabara ya Njoro.

Lilikuwa lori kuukuu la mnada, la kijivu, limekwaruzika kama mgongo wa punda. Watu watatu wa Mau Narok walikuwa wamechanga wakalinunua, ili viazi vyao vifike soko la Nakuru bila kupitia mkono wa mwingine. Mmoja wao, Hezekiah, ndiye dereva. Aliliegesha uwanjani mbele ya nyumba ya Micah, akashuka na kulipigapiga bonetini kama ng'ombe aliyekamwa vizuri. Wanataka lipakwe rangi, akasema, na liandikwe, na liwe tayari Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mchungaji atakuja kuliombea, Jumatatu lianze kazi.

Micah alihesabu haraka kichwani. Malipo ya lori hilo, hata nusu yake, yalitosha laiseni. Alikuwa anafungua mdomo aulize habari ya malipo ya kwanza, lakini mkewe alikuwa mwepesi kuliko yeye. Mgeni alikwisha karibishwa, ameketi, ana kikombe mkononi.

Hapa ndipo penye jambo, nawe unayesoma pasikupite. Chepchirchir alikuwa na kibuyu cha maziwa lala, mursik, yale yanayolazwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti ndani mpaka yakapata rangi ya mawingu. Kaka yake alikuwa mkamaji katika shamba la mzungu huko Njoro, na posho yake ya maziwa ilifika Bondeni kila wiki. Hakuna mgeni aliyetoka kwa Chepchirchir na midomo mikavu, na sifa hiyo aliipenda kuliko nguo. Tena Micah alivyolelewa na mama yake, mtu akishakunywa maziwa nyumbani mwako amekuwa ndugu. Ndugu hubishani naye bei siku hiyo, wala humkatalii neno. Kijijini sheria hiyo haina hasara, maana leo wewe mwenyeji, kesho wewe mgeni. Fundi wa mjini ni mwenyeji kila siku.

Hezekiah alikunywa vikombe viwili, akafuta masharubu, akasema anataka fahali. Mmoja kila mlango, mwekundu, pembe juu, anatoa moshi puani. Micah hakuwahi kuona fahali akibeba viazi, lakini alisema sawa. Kuhusu pesa, Hezekiah alisema wataongea kazi ikiisha. Micah akasema sawa. Kesho yake akatoa akiba yake akanunua rangi ya kijani ya kupaka lori lote, na nyekundu, na nyeupe.

*

Wale wenye lori waliishi katika shamba moja la ngano, na mwenye shamba hakuruhusu waondoke pamoja. Kwa hiyo walikuja mmoja mmoja, kila mtu na siku yake.

Wa pili alikuwa Mzee Ephantus Ndung'u, mwembamba, mwenye koti refu, na pasi yake ameikunja ndani ya kofia, kwa sababu siku zile Mkikuyu hakuteremka mjini bila karatasi. Alizunguka lori mara mbili. Chepchirchir akamkaribisha. Mzee alikunywa polepole, macho ameyafumba, na Chepchirchir akafurahi kuona mtu anayejua utamu. Alipomaliza alisema kwa adabu kubwa kwamba fahali ni mzuri, anakaribia kupumua, lakini watu watadhani wao ni wachinjaji. Yeye angependa viazi. Gunia limefunguka mdomo, viazi vinamwagika.

Micah akasema sawa. Akawafuta fahali kwa kijani, akachora viazi.

Wa tatu alikuwa Wariara, mjane, mama mnene wa kucheka, ambaye hisa yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake wote wawili. Aliyanywa maziwa kama mtu aliyezaliwa nayo. Kisha akatoka nje, akaviangalia viazi huku ameshika kiuno.

"Fundi, haya mawe ni ya nini?"

"Ni viazi, mama."

"Viazi mimi navijua, nimevipalilia tangu nikiwa msichana. Hii ni kokoto ya kutengeneza barabara."

Alitaka maneno ya Mungu. Si neno moja, sala nzima, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ubavu, maana pesa alizotoa zilikuwa za marehemu na hataki zitembee barabarani bila ulinzi. Micah akaitazama brashi yake, akakitazama kikombe kitupu cha mama Wariara, akasema sawa. Akavifuta viazi, akaandika sala.

*

Nakuru ni mji wa vumbi, na rangi mbichi hulipenda vumbi. Kila Micah alipopaka, upepo wa kutoka ziwani ulinyunyiza juu yake unga mweupe, naye akasugua na kupaka tena. Rangi ya kijani ikawa nyepesi. Ilipokauka, nyekundu iliyokuwa chini ikaanza kuchungulia, na siku moja asubuhi lokesheni nzima iliamka ikaona pembe mbili zimechomoza juu ya neno BWANA.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwanamke jirani alisema sasa ameelewa ni bwana yupi anayeombwa. Waliokwenda bombani walipita njia ndefu makusudi ili walione lori, na Chepchirchir alipokwenda na debe lake walimwuliza kama mumewe amefungua kanisa au machinjio.

Hezekiah akaja siku hiyohiyo kuona kazi imefika wapi. Yeye hakucheka. Alifurahi kuona pembe. Alimwambia Micah kwamba fahali mwenyewe amekataa kuzikwa, kwa hiyo arudishwe, na alisema hayo akiwa ameketi ndani na kikombe mdomoni.

Jioni alipita yule Mhindi wa karakana kwa baiskeli. Alisimama, akasoma ubavu wa lori mpaka mwisho, akasema nafasi bado ipo. Si ya kuandika, ya kuandika amepata mtu mwingine, ila ya kukoroga rangi na kuosha brashi. Micah akashukuru. Hakumwambia mkewe, wala haikuhitajika, kwa maana dirisha lilikuwa wazi.

Chepchirchir alitoka nje na mtoto wao Cheptanui mgongoni, akauliza nyekundu imebaki kiasi gani. Micah akainamisha kopo. Ilifunika sehemu ya chini tu. Nyeupe ilikuwa nusu kopo. Kijani kilibaki cha kupaka mara moja, tena kwa kubana.

"Na Hezekiah umemjibu nini?"

"Nimemwambia sawa."

"Mama Wariara ulimwambia nini?"

"Sawa."

"Baba Cheptanui, lori ni moja na sawa ni tatu. Hizo mbili utazipaka wapi?"

Micah akakaa juu ya gurudumu la akiba. Alisema angefanyaje, watu wameshakunywa. Kama ni kosa, ni kosa la malezi. Mkewe alitaka kumjibu vibaya, lakini akakumbuka ni nani aliyekuwa akimimina. Aliingia ndani akasimama mbele ya kibuyu muda mrefu, kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wake ndiye anayekula mayai.

Karani wa lokesheni alipita kabla ya wiki kuisha, akiwa na kofia yake ileile. Aliuliza laiseni kwa upole uleule. Akasema Jumatatu asubuhi atarudi na kufuli, si kwa ubaya.

*

Chepchirchir alimtuma kaka yake apeleke neno Mau Narok. Jumamosi, siku ya nusu kazi, wenye lori waje wote watatu kwa pamoja, au waje kuchukua lori lao na pembe zake. Walikuja. Kwa jinsi walivyotazama ule ubavu walipofika, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini wameitwa.

Waliingia, wakakaa, Hezekiah na Mzee Ephantus kitandani, mama Wariara kwenye kiti. Kibuyu kilikuwa mezani katikati. Vikombe vilikuwepo, vimefunikwa. Kizibo kilikuwa mahali pake.

Wakangoja. Hezekiah alieleza vumbi la barabara lilivyokuwa baya. Chepchirchir akasema pole. Hezekiah akakohoa, akaeleza tena, safari hii pamoja na jua. Chepchirchir akasema pole sana. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisimama mlangoni, akaona wageni watatu wameketi kavu mbele ya kibuyu kilichojaa, akaisahau chumvi na kwenda kuwaambia wenzake. Chepchirchir akajifunga leso upya.

"Wazee wangu, na wewe mama," akasema, "maziwa ni yenu na mnayaona. Lakini nikiyamimina sasa, huyu mume wangu atamwambia kila mtu sawa, na Jumatatu karani atatufungia hii nyumba. Kwa hivyo leo mtaongea mkiwa na kiu."

Hezekiah alisimama nusu. "Mimi sijawahi kukaa kavu kwa nyumba ya Mkipsigis. Hata kwa mtu maskini."

"Hata mimi sijawahi kukalisha mtu kavu," Chepchirchir akajibu. "Tuone haya pamoja."

Mama Wariara ndiye aliyecheka kwanza. Alimvuta Hezekiah koti, akamketisha.

Micah akakunjua mfuko mtupu wa simenti, akaulaza sakafuni, akachora lori kwa mkaa, dogo, limekamilika. Ilikuwa mara ya kwanza wale watatu kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo walipogundua kwamba hawajawahi kuulizana. Hezekiah alijua anataka fahali na akadhani wote wanataka. Ephantus alidhani viazi havina mpinzani. Wakabishana kwa lugha tatu, na kelele zao ziliwatosha walioegemea ukuta nje. Hezekiah alisema gari bila mnyama ni sanduku. Ephantus alisema mnyama halimwi, wala hauzwi soko la viazi. Mama Wariara akawaacha waishiwe, kisha akamgeukia Micah.

"Na wewe fundi unaonaje? Mbona wewe hatujakusikia?"

Micah alikitazama kibuyu. Kizibo kilikuwa bado kimekaa. Hakuna aliyekunywa, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa wake.

"Mimi naona hamhitaji picha," akasema. "Lori likipita Njoro, mtu aliye kando ya barabara ana vumbi machoni. Sala ndefu hataisoma. Fahali atamwona kama doa jekundu. Andikeni MAU NAROK, herufi nyeupe, urefu wa mkono wangu. Mwenye magunia kule juu atajua hili linakwenda mjini kwa niaba yake. Mnunuzi wa hapa chini atajua viazi vimetoka kwenye baridi. Basi."

Ephantus aliuliza viazi vyake vitakuwa wapi, akajijibu mwenyewe kwamba vitakuwa ndani ya magunia, vya kweli, na hata mama Wariara hatavidhania mawe. Mama Wariara aliinamia karatasi kwa muda. Akasema mchungaji atasoma sala kwa mdomo kesho, na sala ya mdomo haiondoki na mvua. Alibaki Hezekiah. Alikuwa amekunja uso kama mtoto aliyenyang'anywa embe.

Micah akamwambia kuna rangi nyekundu kidogo chini ya kopo. Inatosha fahali wa ukubwa wa kiganja. Atamchora ndani, juu ya usukani, ambapo dereva peke yake humwona.

"Na moshi puani?"

"Na moshi."

"Haya," Hezekiah akasema, kama mtu anayetoa ng'ombe wa mahari.

Chepchirchir aliwaomba kila mmoja aseme kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, kwamba amekubali lile lililo kwenye karatasi na hatarudi peke yake na neno jipya. Wakasema. Akaweka mkono juu ya kizibo. Wote wakakitazama. Hakukivuta.

"Bado nusu ya malipo," akasema. "Fundi hapaki kwa mate."

Hezekiah alianza kueleza kwamba kwa kawaida malipo huja mwisho. Mama Wariara alikuwa ameshafungua fundo la kitambaa chake. Alimwambia Hezekiah atoe na yeye, kiu inamwua.

Kizibo kikatoka. Chepchirchir alimimina mpaka juu, akampa mama Wariara, akampa Hezekiah, akamfikia Mzee Ephantus. Mzee hakupokea. Alivua kofia.

"Mama Cheptanui, kwa kuwa leo ni siku ya kusema ukweli," akasema, "haya maziwa yananishinda. Yananukia moshi. Siku ile nilifumba macho nikameza kwa heshima. Kama kuna chai, mimi ni mtu wa chai."

Chepchirchir alikaa chini akacheka mpaka mtoto akaamka.

*

Micah alipaka kijani alasiri hiyohiyo. Wanawake wa lokesheni, waliokuja kwa ajili ya kuchungulia, walishikishwa mashuka yaliyoloweshwa kuzuia vumbi, na wakashika. Jumapili asubuhi rangi ilikuwa imeshika, akaandika herufi, zikasimama zimenyooka kama askari wa gwaride. Mchungaji aliomba kwa kirefu. Hezekiah alikuwa ndani na mlango umefungwa, anamwangalia fahali wake.

Jumatatu Micah alikwenda mapema ofisi ya laiseni akakuta foleni mpaka barabarani. Kabla hajarudi, karani alifika nyumbani na kufuli mkononi. Chepchirchir alimweleza kwamba mumewe yuko ofisini na pesa anazo. Karani akasema anaamini kabisa, lakini sheria ni karatasi, si maneno, na akawaangalia mtoto, kitanda na sufuria kama mtu anayepima vitatokaje mlangoni.

Chepchirchir hakubishana. Alifunua kikombe akamimina.

Karani alikuwa mtu wa Kabarnet, na kwao sheria ya maziwa ni ileile. Alikijua kikombe kile na alijua kinachofuata. Alikiangalia, akaliangalia jua lilipofika, akafuta jasho chini ya kofia. Kisha akaweka kufuli sakafuni, akapokea. Micah alimkuta ameketi kitandani, kikombe cha pili mkononi, akimsifia Cheptanui meno yake mawili. Laiseni aliisoma akiwa ameketi.

Maneno, bila shaka, yalitembea. Ilisemwa mpaka Molo kwamba kuna mwanamke Bondeni anayeweka kibuyu mezani na kuwatesa watu kwa macho. Mama yake mzazi aliyasikia, akateremka kwa basi kuja kumkanya, naye Chepchirchir akammiminia kabla hajakaa, mama akanywa huku akikanya. Jambo hilo lilimwuma Chepchirchir. Sifa aliyoipenda kuliko nguo ilikuwa imekwenda, na haikurudi yote.

Lakini mvua zilipoisha, alikuja mtu kutoka Ndabibi, mwenye duka jipya, anayetaka kibao. Chepchirchir alitoka kumkaribisha ndani. Mtu yule akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Asante, mama, lakini nitasimama hapahapa," akasema. "Nimekuja kwa kazi. Mwite fundi tuelewane kwanza. Nikiingia, nataka niingie kunywa."

Chepchirchir alisimama akiwa hajui kama ametukanwa au ameheshimiwa. Kisha akachukua kigoda, akamtolea nje, akaenda kumwita mumewe. Aliporudi ndani alikifuta kibuyu na kukiweka karibu na mlango, mahali ambapo mgeni angeweza kukiona.